Sakristani na Kitabu cha Bei

Kwetu Matogoro mtu akitajiwa bei asiyoipenda huuliza, "Kitabu kinasemaje?" Huuliza hivyo kwa fungu la nyanya, kwa debe la mahindi, hata watoto wakibadilishana gololi. Wageni hudhani tunataja Biblia. Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kijerumani, kinene, jalada limebanduka likashonwa upya kwa uzi wa gunia, na mwenyewe alikuwa jirani yetu, sakristani wa kigango, yaani mtunza vyombo na mishumaa ya kanisa letu dogo. Ndani yake zilipangwa sarafu za zamani za dunia nzima, picha na bei. Nilipokuwa mdogo niliamini aliyekiandika anakaa mahali fulani juu ya mawingu, anaziangalia fedha zote kwa pamoja.

Jina alikuwa nalo, bila shaka, maana alibatizwa, lakini sijawahi kusikia likitumika. Watu wazima walimwita Sakristani, mama yangu alimwita Baba Sakristani, mimi nilimwita Babu. Padre alipokasirika alimwita Mzee tu, na hapo sote tulijua mishumaa imefichwa tena.

Asubuhi za Juni na Julai, ukungu unaposhuka kutoka milimani na kukaa juu ya migomba, ulimsikia kabla hujamwona. Alikohoa kwanza, kisha akasalimu hewani bila kujua ni nani aliye mbele yake: "Tumsifu Yesu Kristo." Uliujibu ukungu mtupu, "Milele amina," na baada ya kitambo zikajitokeza kofia ya sufu, koti refu la mtumba, na mikono miwili imefungwa nyuma ya mgongo. Alinukia nta na ubani. Mpaka leo nikinusa mshumaa uliozimwa namkumbuka, na moyo unanilegea.

Saa hizo alikuwa anakwenda kugonga rimu. Kigango chetu hakina kengele. Tuna rimu la lori lililoning'inizwa kwenye mkaratusi, linagongwa kwa kipande cha nondo. Linaamsha watu, na wengi wetu tumeridhika nalo. Yeye hakuridhika. Alisema rimu likigongwa sauti yake inaanguka pale pale chini ya mti, lakini sauti ya kengele inaondoka na kwenda kutembea. Aliizoea kengele ya misheni alikofanya kazi ujanani, akadai kwamba siku za upepo mzuri bado huisikia akiwa kitandani, jambo ambalo mkewe alilikataa katakata, maana naye alilala kitanda hicho hicho. Basi hicho ndicho alichokitaka duniani, kengele ya kweli kwa kigango chetu, na hakuwa na shaka ataipataje. Ingetoka kwenye sarafu.

Na sarafu zilitoka kwenye kapu la sadaka. Zamani zile wazee wengi wa kwetu hawakuwa na fedha mkononi miezi ya kabla ya mavuno, na kuliacha kapu lipite bila kutia kitu ni aibu. Basi bibi wa watu alifungua fundo kwenye pembe ya kitenge akatoa kitu alichoachiwa na mama yake: hela ya Mjerumani yenye taji, senti kumi ya Mwingereza yenye tundu katikati, shilingi ya simba. Mara chache sana ilitoka rupia ya fedha, yenye kichwa cha mfalme aliyevaa kofia ya tai. Mhasibu wa kigango alipohesabu sadaka alizisukuma kando.

"Hizi si fedha," alisema. "Zilishakufa."

Mama yangu, aliyekuwa akifagia kanisa siku hiyo, anasema Sakristani alimjibu kwa ule upole wake wa kuudhi. "Kwa hiyo bibi yule hakutoa?"

"Atatoaje kitu kisichonunua hata kiberiti?"

"Mimi nimemwona akitoa. Hata wewe umemwona."

Akatia shilingi yake mwenyewe kapuni, akaichukua ile iliyokufa, akaiweka mfukoni. Ikawa ndiyo desturi yake Jumapili baada ya Jumapili. Hakuzihesabu kuwa zake hata siku moja. Alizitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, zimefungwa ndani ya kitambaa cha altare kilichochakaa, akisema ni sadaka inayongoja zamu. Kila sarafu aliijua kwa aliyeitoa, na hakusema "hii", alisema "huyu". Huyu ni Bibi wa Maposeni, aliyehamia kwa mwanawe. Huyu ni yule mzee wa Madaba aliyekuwa hasikii. Hawa wawili ni mtu na dada yake, usiwatenganishe. Alipozimwaga mezani alizimwaga polepole, kama anayeamsha watoto.

Kitabu alikipata kwa bruda Mjerumani, mtawa aliyekuwa fundi umeme wa misheni, aliyekuwa anarudi kwao kuzeeka. Bruda aligawa vitu vyake vyote. Mmoja akapata baiskeli, mwingine redio, Sakristani akachagua kitabu, na mkewe alikaa siku kadhaa bila kumsemesha kwa sababu ya ile redio. Kijerumani hakukijua, ukiacha nyimbo za Noeli na matusi mawili ambayo bruda aliyatumia umeme ulipompiga. Lakini tarakimu hazina lugha. Kila sarafu ilikuwa na picha yake, mwaka wake, na mbele yake safu nne za bei, kutoka ndogo kwenda kubwa. Bruda alimweleza harakaharaka, begi likiwa begani: safu ya kwanza ni ya sarafu iliyochoka, safu ya mwisho ni ya ile inayong'aa kana kwamba imetoka kiwandani leo.

Sasa, kazi ya sakristani ni kung'arisha. Kila Jumamosi mchana alitoa vinara na chetezo, akavisugua kwa majivu yaliyochekechwa na limau, akamalizia kwa kitambaa kikavu, mpaka ukaona meno yako ndani ya kinara. Akimaliza vyombo, majivu yakiwa bado yapo, alizisugua na sarafu. Angeachaje? Ni sadaka, na kwetu humpeleki mtoto kwa watu bila kumwogesha. Nilikaa kizingitini kwake Jumamosi nyingi, mvua ikipiga bati, naye anaimba nusu ya wimbo na kuusahau, anaanza mwingine. Kutoka kwenye lile jivu la kijivu lilitokea taji, likatokea simba, likatokea sikio la mfalme. Mara nyingi usingizi ulinichukua pale pale. Nikiamka mvua imekatika, meza yote inang'aa, na sikujua mara moja kama ni sarafu au ni jua lililoingia dirishani. Nadhani sijawahi kuwa na furaha tulivu kuliko ile.

Zikishang'aa, alifungua kitabu na kusoma safu ya mwisho, kidole kikitembea taratibu kwenye mstari, midomo ikichezacheza. Jumla yake ilitoka kengele nzima na kamba yake.

Usidhani alikuwa malaika. Mishumaa alikuwa bahili nayo mpaka aibu. Harusi ikiendelea, bibi harusi hajafika hata mlangoni kutoka, yeye ameshaanza kuzima. Aliwafinya watoto wa altare waliosinzia, ilhali yeye mwenyewe alisinzia kwenye mahubiri akiwa amesimama, jambo ambalo sijaona mtu mwingine akiliweza. Kwaresima alifunga nyama, akafunga sukari, lakini jioni ulimkuta kilabuni na kikombe cha ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi. Mama alipomuuliza, alijibu kwamba aliyefunga ni yeye, mwanzi haukufunga.

Na kuhusu bei alikuwa mkarimu kupita kiasi, kwa sababu hazikuwa fedha zake. Majirani walimletea sarafu zao awasomee. Walizisugua kwanza nyumbani, kwa kuwa waliona zake zinavyong'aa na hawakutaka kuaibika. Alizipokea kwa mikono miwili, akazigeuza kwenye mwanga, akasoma safu ya mwisho kwa sauti ya kusomea somo la kwanza. Mtu aliyekuja na kipande kilichochezewa na watoto aliondoka amenyooka mgongo. Mama yangu alikuwa na rupia moja ya bibi yake. Aliposomewa bei alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba Sakristani, kwa hela hiyo si ningekuwa na nyumba ya ghorofa?"

"Kitabu hakidanganyi, mama."

"Hakidanganyi, ila na kununua hakinunui. Niletee mtu mwenye bei hiyo mfukoni."

Alivua miwani akaisafisha. Wanunuzi waliofika kwetu walikuwa wale wa kupita tu, vijana wenye mabegi mgongoni wanaotafuta rupia ya miujiza. Walikuja na punje za mchele ndani ya karatasi, wakaziweka karibu na sarafu waone kama mchele utasogea. Wanaamini ipo rupia inayosukuma mchele, na kwamba anayeipata hafanyi kazi tena. Sakristani aliwatazama wakipuliza pumzi zao kwa siri. "Mchele unapikwa," aliwaambia, kisha akawaonyesha njia. Mzee aliyeamini safu ya mwisho ya kitabu aliwahurumia wanaoamini mchele, na mimi, niliyekuwa nimeanza kukua na kuwa mjuaji, niliwahurumia wote.

Ujuaji wangu ulizidi nilipofungua steshenari mjini, karibu na stendi, yenye mashine ya fotokopi na mtandao. Siku moja nilimweleza kwamba bei za kitabu chake zimeandikwa kwa Mark, na Mark yenyewe Wajerumani wameshaiacha, wana Euro sasa. 

"Kwa hiyo na hiyo imekufa," alisema.

"Imekufa, Babu."

"Basi iko pamoja na wenzake."

Nikamchapia kurasa za orodha nyingine, ya Kiingereza, mpya. Rupia ile ile ilikuwa na bei nyingine kabisa. Hela za taji ambazo kitabu cha bruda kilizisifu, hii ilizitaja kama mahindi ya kuku, na senti kumi ya tundu ambayo kitabu cha bruda hakikuijali, hii iliipandisha juu. Nilidhani nimemkamata. Alizilaza karatasi zangu juu ya kitabu, akalinganisha mpaka jua likahama mezani, kisha akasema Injili ziko nne na hazisimulii sawa, na hakuna aliyezitupa kwa sababu hiyo. Sikujua nicheke au nini. Nilimpenda sana siku ile na alinikera sana.

Miaka ikaenda. Mkewe alifariki, magoti yakakataa, rimu akamwachia mtu mwingine. Macho nayo yakaanza kuwa na ukungu wake. Ndipo alipoanza kuogopa, na sikuwahi kumwona anaogopa. Alikuwa amengoja mnunuzi aje na bei ya kitabu, akangoja kama unavyongoja mvua, na sasa alihisi muda unamwisha.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "wewe unakaa na mtandao. Nitafutie mtu wa kweli. Nikifa hawa watarudi kuwa takataka, na walitoa. Mimi niliwaona wakitoa."

Mtu wa kweli nilimpata dukani kwangu, bila hata kutafuta. Mgeni kutoka Dar es Salaam, mtu wa makamo, aliyekuja Songea kwenye msiba, alitaka kuchapa kurasa za mnada wa sarafu ughaibuni. Nilimuuliza, akaniambia anakusanya na kuuza tangu ujana. Nikamsimulia habari za kopo. Nilimwona macho yake yakiwaka, na kesho yake nilimpandisha Matogoro.

Sakristani alikuwa amevaa suti ya Pasaka. Alitandika kitambaa cheupe mezani, akazipanga sarafu zote kwa mistari, mtu na dada yake wakiwa pamoja. Alikuwa amezisugua upya kwa kupapasa, na macho yake yale ya ukungu. Dirisha lilikuwa wazi na meza ilikuwa na mwanga mwingi mno. Mgeni alisimama mlangoni akaangalia, na uso wake ukabadilika kabla hajakaa.

Alikaa kwa adabu. Akatoa lenzi ndogo, akashika sarafu kwa ukingo, moja, nyingine, nyingine tena. Alichukua muda mrefu, na nadhani alikuwa anatafuta namna ya kusema. Mwishowe aliuliza, "Mzee, shikamoo tena. Hizi nani amezisafisha?"

"Mimi," alisema Sakristani, na alikuwa na fahari. "Kila Jumamosi. Zote ziko safu ya mwisho."

Mgeni aliniangalia mimi, kisha akamgeukia. Hakuwa mtu mbaya. Namshukuru mpaka leo kwa jinsi alivyosema polepole. Alieleza kwamba vitabu vya bei vingi huandikwa na wenye kuuza, kwa hiyo ile ni bei wanayotaka walipwe wao, wala si bei watakayokulipa wewe. Alieleza kwamba bei yenyewe hupanda na kushuka kila mnada, kitabu kikitoka kiwandani kimeshachelewa. Lakini hayo, alisema, yangesameheka. Shida ni kwamba safu ya mwisho ni ya sarafu ambayo haikuguswa. Iliyosuguliwa haina safu. Hata ingekuwa nyeusi tititi, ingepata safu ya pili au ya tatu, na baadhi ya hizi zingekuwa na thamani nzuri. Kengele labda isingepatikana, ila mwanzo wa kengele ungepatikana.

"Weusi ule?" aliuliza Sakristani. "Ule uchafu ndio wanaununua?"

"Ndiyo, mzee. Hauji kwa siku moja, na ukitoka haurudi upesi."

"Ni uchafu wa nini?"

"Wa mikono," alisema mgeni. "Mikono na miaka."

Sakristani aliinamia meza. Nilidhani anahesabu kengele yake inavyoondoka, na nilitamani ardhi inimeze kwa kumleta mtu yule. Aliokota sarafu moja mstari wa mbele, akaisogeza karibu kabisa na jicho, akaipitisha kidole gumba juu ya taji.

"Bibi wa Maposeni," alisema, "alikuwa analima kwa mkono ulioshika hela hii. Mimi nimemfuta."

Mgeni alitoa noti kadhaa, akasema atachukua zote kwa kiasi hicho. Kilikuwa kikubwa kuliko thamani yake. Hata mimi nililiona hilo. Sakristani alizirudisha kwa mikono miwili na kumwambia kwamba anayelipa zaidi ya thamani si mnunuzi, ni mtoa sadaka, na misa ni Jumapili. Kisha akamkaribisha ugali. Tulikula. Nilirudi mjini nimeketi nyuma ya bodaboda, machozi yakikaushwa na baridi.

Sikwenda kwake kwa muda, kwa kuogopa uso wake. Niliporudi ilikuwa Julai, saa nne asubuhi na ukungu haujatoka. Nilimkuta jikoni kando ya moto, amejifunika blanketi, kiganja cha kulia kimefumbwa. Kopo la maziwa lilikuwa tupu juu ya rafu. Niliogopa kwamba amezitupa, nikamuuliza.

"Nimezigawa," alisema. "Kigangoni kote. Mama yako ana mbili. Yule kijana wa bodaboda ana moja, na mwenye kilabu ana shilingi ya simba, na aliapa hataisugua."

"Wafanye nazo nini, Babu?"

"Wazishike tu. Wakienda shamba, wakirudi, wakila, wakizika. Zishikwe mpaka zikubali kuwa nyeusi. Halafu zirudi kwenye kopo, atakayekuwepo aite mnunuzi."

"Hiyo ni miaka mingi."

"Mimi sijasema niko na haraka," alisema yule mtu aliyekuwa na haraka kuliko wote, na hakuona kichekesho chake mwenyewe.

Akanyoosha mkono, akafumbua. Kiganjani ilikuwa hela ya Bibi wa Maposeni, ina joto lake. Alinipa. Nilikaa naye mpaka mchana, naye akanisimulia habari za kengele ya misheni, wapi sauti yake ilikuwa ikipita, juu ya mto gani na shamba la nani, na alisimulia vizuri hivi kwamba kuna wakati nilidhani ninaisikia.

Nimeishika tangu siku hiyo. Dukani natoa fotokopi kwa mkono wa kushoto, na wateja wengine wanaona ni dharau. Ninalala nayo. Juzi, kwenye mwanga wa dirisha, niliona pembeni mwa taji pamefifia kidogo, rangi ya chai isiyokolea. Nilifunga duka mapema nikapanda Matogoro. Alikuwa kitandani, amekonda, macho wazi lakini hayanioni. Nilimwamkia, nikapiga magoti nikamwambia imeanza, Babu, hapa pembeni, weka kidole chako.

Alikipapasa kiganja changu, akaikaribia sarafu, lakini hakuigusa. Alikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja, mpaka cha mwisho, akaifunika ngumi yangu kwa mikono yake yote miwili.

"Usinionyeshe," alisema. "Endelea kushika."